Taja Mwalo Wako

Watu wa Kibirizi husema ziwa likimchukua mtu, halisemi limemweka wapi. Ndiyo maana wanawake wa kikundi cha Shika Mkono walikuwa na desturi yao. Kabla ya kikao chochote, kabla hata ya sala, kila mmoja alisimama mbele ya vichanja vya dagaa akataja mwalo wake, yaani pale ambapo mitumbwi ya watu wake ilianza kufunga kamba. "Mimi Shadia, mwalo wetu Ilagala." "Mimi Rozalia, baba zetu walifungia Ujiji." Hayakuwa mapambo. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta waliozama na kuwafikisha kwao, na walikwisha kujifunza kwa uchungu kwamba maiti asiyejulikana mwalo wake huzikwa na wageni, haraka haraka, bila mtu wa kumlilia kwa jina.

Siku ya mkutano wa waasisi, Honorata aliketi pembeni juu ya ndoo iliyofudikizwa, daftari magotini, akiandika. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii na sauti ndogo ambayo mara nyingi iliishia kwenye meno. Wanawake walimpenda hivyo hivyo alivyo. Chuoni alifundishwa kwamba muhtasari mzuri hauachi kitu nje, naye hakuacha kitu nje.

Mwenyekiti alisimama wa mwisho; vikao vingine vyote alitaja Kagunga tu akakaa. Huyu ndiye Mama Yuliana, mwanamke mpana mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, aliyekianzisha kikundi mwaka ule mumewe na mwanawe walipotoka na boti moja wakarudishwa na maji siku mbalimbali.

"Mimi Yuliana," alisema, "mwalo wangu sijui niuseme vipi. Mama alitokea ng'ambo, Uvira, nchi ya pili, wakati wa vita, tumbo likiwa hivi. Uchungu ukamshika katikati ya maji. Nikatoka humo humo mtumbwini, mpiga kasia ndiye mkunga. Tunafika Kagunga, upande huu, mimi nimeshaanza kunyonya."

"Kumbe wewe ni mgebuka!" Shadia akapaza sauti.

"Mgebuka wa kwanza kuvaa kitenge, mwaya. Na nyie mnakula wenzangu kila siku, siwasemi."

Kicheko kilifika mpaka kwa wapagazi waliokuwa wakipakua magunia. Honorata naye alicheka huku kalamu ikienda: Mwenyekiti alieleza kuwa alizaliwa ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, mama yake akitokea Uvira, kabla ya kufika Kagunga. Wote wakatia saini. Mama Yuliana alitia ya kwake kwa herufi kubwa, taratibu, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hakuna aliyekumbuka, wala Honorata mwenyewe hakukumbuka, kwamba kitambulisho cha taifa cha Mama Yuliana, ambacho nakala yake ilipaswa kuwekwa kwenye faili lile lile, kilisema amezaliwa Kagunga. Ndivyo mama yake alivyomwambia kila mwenye kalamu, maisha yake yote.

Walitaka usajili kwa sababu ya boti. Mpaka wakati ule waliazima boti ya Mzee Gasper, ambaye hakuwa na roho mbaya, lakini boti yake ilikuwa na safari zake. Kuna siku mwili wa kijana mmoja ulionekana ukielea jirani na Kagunga, na walipopata boti ulikuwa haupo tena. Mama wa yule kijana alikaa mchangani akitazama maji mpaka miguu ikavimba. Baada ya hapo shirika moja la nje liliahidi boti ya uokoaji yenye injini, na majaketi, na redio. Sharti lilikuwa moja: boti haipewi kikundi cha watu wanaojuana, inapewa shirika lenye cheti.

Basi Honorata akaingia katika safari ya cheti. Katiba, muhtasari, wasifu wa viongozi, picha, barua ya utambulisho, vyote akavikusanya na kuvipeleka. Afisa wa halmashauri alikuwa mtu mwema, lakini katiba ilirudi. Kifungu cha mali za shirika likivunjwa hakipo. Akakiweka. Ikarudi tena: muda wa uongozi haujasemwa. Wanawake walianza kumtazama Honorata kama mtu anayetazama chungu kisichochemka.

Hapo ndipo alipotokea Castory.

Alikuja mwaloni asubuhi, shati jeupe, simu mbili mkononi, akikanyaga katikati ya magamba ya samaki kama mtu anayekanyaga zulia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi, na sasa alikuwa na chumba cha ofisi nyuma ya duka la vifaa vya shule pale mtaa wa Mwanga, anaandikia watu katiba na maombi ya miradi.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba, baba. Karibu. Kaa hapo kwenye kichanja unuke kama sisi."

"Nitanuka tu, mama. Nimesikia habari zenu, roho imeniuma. Mimi sitaki hata senti. Nataka kuwaona akina mama wamesimama."

Shadia, ambaye alikuwa anageuza dagaa, hakuinua kichwa. "Mwanaume asiyetaka hela kwa wauza dagaa," alisema, "muulize vizuri anataka nini."

Castory alicheka kuliko wote. Kisha akamgeukia Honorata akanyoosha mkono. "Nipe faili, Katibu. Lote. Mganga hatazami kidole wakati mgonjwa analia kichwa."

Honorata akampa lote.

Alilirudisha baada ya siku kadhaa, limefungwa kwa utepe mpya. "Unaandika vizuri sana," alimwambia. "Kila kitu umeandika." Neno *kila kitu* alilitamka polepole, kama anayeonja mchuzi. Halafu akawageukia wanawake waliokuwa wameketi kivulini, akainama kwa heshima mbele ya Mama Yuliana.

"Na wewe, binti wa majini, shikamoo yako iko pale pale."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Yuliana alicheka pia, lakini kicheko chake kilikatika mapema, kama kamba iliyofika mwisho wake. Honorata alilifungua faili palepale mpaka kwenye muhtasari. Hakuna mtu aliyekuwa amemsimulia Castory hadithi ile. Ilisemwa mara moja tu, siku ile ya waasisi, mbele ya vichanja, na ilikuwa mahali pamoja tu nje ya masikio ya wanawake wale.

Katiba mpya aliyoiandika Castory ilikuja kwenye simu ya Honorata. Ilikuwa nzuri. Vifungu vyote vilivyopungua vilikuwamo, lugha imenyooka, hata halmashauri isingepata pa kushika. Honorata akaisoma mpaka katikati, akarudi nyuma, akasoma tena. Palikuwa na cheo ambacho hawakuwahi kukizungumza: Mkurugenzi Mtendaji. Mkurugenzi huyu hachaguliwi na wanachama, na muda wake hauna mwisho. Mali zote za shirika, pamoja na vyombo vya majini, ziko chini ya saini yake peke yake. Bodi itakuwa na watu watatu, na majina yao yalikwisha kuandikwa. Wa kwanza alikuwa Castory mwenyewe, wa pili mkewe Happiness, wa tatu mdogo wake Samson.

Alikwenda Mwanga kwa miguu ili apate muda wa kupanga maneno. Alipofika, maneno yalikuwa yamemwagika njiani.

"Kaka Castory, hiki kifungu… wanachama hawajakubaliana."

"Hawajakubaliana kwa sababu hawajasoma. Wewe umesoma." Alimsogezea kiti. "Boti ikija ikakaa mikononi mwa watu ishirini, itakuwa imezama kabla ya Pasaka. Mimi nitaishika tu, dada. Itakuwa yenu."

"Lakini walitaka Mama Yuliana ndiye…"

"Ah, mama yetu." Castory akafungua droo, akatoa karatasi mbili za nakala, akaziweka mezani, moja pembeni ya nyingine, akazinyoosha kingo. Honorata aliyatambua maandishi yake kabla hajayasoma. "Hebu tazama. Kitambulisho kinasema Kagunga. Muhtasari unasema katikati ya maji, mama katokea Uvira. Saini ni ile ile. Mimi nikiona hivi najua ni mambo ya akina mama, wanataniana. Ila mtu mwingine akikaa na karatasi hizi mbili, atauliza swali."

"Nani atauliza?"

"Si mimi. Mimi nawapenda sana akina mama." Akazikunja, akazirudisha drooni, akaifunga kwa ufunguo. "Unajua kuandika, Honorata. Bado kidogo tu ujue kisichoandikwa."

Wiki ile ile mtu mgeni alionekana mwaloni. Hakununua samaki. Alimuuliza muuza chai yule mama mnene anatokea wapi, akamuuliza mpagazi, akamuuliza Rozalia mwenyewe, kwa upole, akitazama ziwa. Hakuna aliyejua katumwa na nani. Rozalia alimjibu, "Anatokea nyumbani kwake," lakini jioni hiyo alimwambia mumewe, mumewe akawaambia wengine, na kesho yake wanawake walimsalimu Mama Yuliana kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watu wanaopita kando ya nyumba ya mgonjwa.

Honorata alimfuata Mama Yuliana nyumbani kwake, juu kidogo ya mwalo, akamkuta anachambua maharage kwenye ungo. Akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni: muhtasari, droo, karatasi mbili. Alipomaliza alikuwa analia bila sauti.

Mama Yuliana aliendelea kuchambua. "Uliyoandika niliyasema?"

"Uliyasema, mama."

"Basi unalilia nini? Ingia ndani, mbu wataingia na wewe."

Walikaa. Mama akaanza kusema, taratibu, bila ule utani wake. Kagunga walikuwa na jirani, mvuvi, mtu wa watu. Siku moja aliulizwa babu yake amezikwa wapi. Akaonyesha ng'ambo ya maji. Kuanzia hapo mtu yule hakuwa mvuvi tena, alikuwa mtu wa kwenda na kurudi ofisi ya uhamiaji, na bahasha kwapani, mpaka nyavu zake zikaoza. Mwishowe aliondoka mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Alichoka tu kuulizwa.

"Mimi huko ng'ambo sina hata kaburi, Honorata. Mume wangu na mwanangu wamelala Ujiji. Wakinitoa hapa wananitoa kwa nani?"

"Basi tumpe, mama. Tumpe anachotaka, anyamaze."

"Nimewaza hivyo usiku mzima, usidhani." Mama Yuliana alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Leo tunampa boti. Kesho je? Mtu akishajua unapoogopa, anahamia hapo. Anajenga."

Mkutano wa kupitisha katiba mpya uliitishwa siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani, na hakuna upepo. Castory alikuja na soda. Alimkaribisha kila mtu kana kwamba mwalo ni sebule yake. Honorata ndiye aliyepaswa kusoma, na kwa kawaida angesoma mpaka mahali pa cheo kile kipya akaruka, au angesoma kwa sauti ambayo hata waliokaa mbele wasingeisikia. Safari hii alisimama karibu nao. Alisoma kifungu cha Mkurugenzi neno kwa neno, akakirudia.

Shadia aliweka soda yake chini. "Ngoja, Katibu. Saini yake peke yake? Na akifa?"

"Haijasema," Honorata alijibu.

"Basi hafi huyo."

Wachache walicheka, kicheko kifupi. Castory alitabasamu, akamtazama Mama Yuliana, na tabasamu likakaa pale kwa muda mrefu. "Mwenyekiti anasemaje?" aliuliza. "Mwenyekiti wetu anajua umuhimu wa amani."

Kila mtu alielewa kwamba kuna kitu kimesemwa. Hata waliokuwa hawajui chochote walielewa.

Mama Yuliana aliinuka kwa kujishikia mti wa kichanja. "Mnajua nilipozaliwa," alisema. "Mlinicheka mimi mwenyewe nikiwapo. Leo kuna mtu amegeuza kicheko chenu kuwa fimbo. Sasa sikilizeni. Msinyooshe mkono kwa kunionea huruma. Mnaotaka boti yenu ishikwe na huyu baba, nyoosheni. Mimi sitamnunia mtu."

Mikono ilibaki mapajani. Mwanamke mmoja aliinua wa kwake nusu, akajikuna shingo, akaurudisha.

Castory hakukasirika. Laiti angekasirika. Alifunga faili lake polepole, akakusanya chupa za soda, hata zile ambazo hazijaisha, akazipanga kwenye kreti. "Sawa, mama zangu," alisema. "Mimi sina neno." Akawapa mkono mmoja mmoja, na mkono wa Mama Yuliana ndio aliokaa nao zaidi, akiupapasa kwa kidole gumba kama anayetafuta mshipa.

Baada ya hapo pakawa kimya. Honorata alipoingia kwenye mfumo wa usajili, alikuta ombi lao limesimamishwa, sababu haikusemwa. Alipopiga simu aliambiwa asubiri. Mama Yuliana aliendelea kuanika dagaa, lakini alianza kufunga mlango wake mchana. Gari lolote lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya anyamaze katikati ya neno.

Kisha zikaja barua mbili za wito, moja ya Mama Yuliana na moja ya Honorata. Wafike ofisi ya uhamiaji kwa mahojiano, kila mtu peke yake.

Walikwenda pamoja. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani na kandambili, kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Walipofika getini Mama Yuliana alimshika Honorata kiwiko.

"Ukiingia, sema unavyojua wewe."

"Ndiyo, mama."

Honorata alilichukua neno lile akaligeuza kichwani muda wote aliokaa kwenye benchi, wakati mama ameingia na mlango umefungwa. Sema unavyojua wewe. Alichokijua yeye ni kwamba kitambulisho kinasema Kagunga. Alichokijua ni kwamba mwanamke mwenye akili timamu, aliyezika mume na mwana katika udongo huu, asingekwenda kusema mwenyewe mbele ya meza ile kwamba alizaliwa majini. Angesema Kagunga, kama mama yake. Na kama mwenyekiti atasema Kagunga, nani anabaki na maneno ya mtumbwini? Kalamu ya katibu. Peke yake.

Mama Yuliana alitoka kwa mlango mwingine akapelekwa kusubiri upande wa pili. Hawakuonana.

Ofisa aliyemhoji alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya upole, miwani imeshuka puani. Alimpa maji kwanza. Kisha akamsogezea nakala ya muhtasari.

"Haya ni maandishi yako?"

"Ni yangu."

"Mwenyekiti wenu aliyasema maneno haya?"

Feni ilizunguka juu yao. Honorata alitazama sentensi yake mwenyewe. Ilikuwa imenyooka, haina kosa hata moja. Akamwona Mama Yuliana akipanda gari na bahasha kwapani, akamwona akishushwa mahali ambapo hakuna anayejua kicheko chake. Akainua uso.

"Hapana," alisema. "Ulikuwa utani. Wanawake walikuwa wanataniana mambo ya samaki, mimi nikadhani ni sehemu ya kikao, nikaandika. Nilikosea. Mama Yuliana amezaliwa Kagunga."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutoka nzima, bila kutetemeka, na aliisikia yeye mwenyewe ikigonga ukuta. Moyo ulimtulia. Alidhani amefanya jambo la kishujaa.

Ofisa aliandika yote, akampa asome na kutia saini. Ndipo akavua miwani.

"Binti yangu, mwenzako alikaa hapo hapo ulipokaa. Amesema kila neno la muhtasari huu ni kweli. Amesema mama yake aliogopa, akasema Kagunga, na yeye akakua na Kagunga hiyo hiyo. Amenitajia mpaka jina la mpiga kasia. Kisha akasema, huyo katibu ni mtoto asiyeweza kusema uongo, msimsumbue, atawaambia kama nilivyowaambia mimi."

Honorata aliinyooshea mkono karatasi aliyokwisha kuitia saini, ofisa akaizuia kwa kiganja.

"Kama ningekuwa na maelezo yake tu, tungeangalia cha kufanya. Mtu aliyefika akiwa wa saa mbili na hajaondoka mpaka leo, hilo lina njia zake za kufuata. Sasa nina maelezo mawili, yote yana saini, na moja ni la uongo. Siwezi kulifunga jalada hivi. Lazima nifungue uchunguzi kamili."

"Nilitaka…"

"Najua ulichotaka," ofisa alisema, na hakukuwa na hasira sautini mwake, jambo ambalo lilimtisha Honorata zaidi. "Kitambulisho chake kitabaki hapa. Tutahitaji mashahidi waliokuwepo."

Nje, jua lilikuwa kali na mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ukuta, kandambili zimewekwa pembeni. Honorata alimwambia. Hakupunguza kitu.

Mama Yuliana alizivaa kandambili zake, moja baada ya nyingine. "Mimi nilisema kweli ili uongo usikupate wewe," alisema. "Maana nilijua wewe ukidanganya utaonekana usoni."

"Sikuonekana, mama."

"Heri ungeonekana, mwanangu. Leo tu, ungeonekana."

Waliinuka wakaondoka. Njiani mama alianza kuwahesabu waliokuwa ndani ya mtumbwi ule, majina aliyoyasikia kwa mama yake. Mpiga kasia, ziwa lilimchukua. Shangazi mmoja, amekufa Kagunga. Mama mwenyewe. Kaka aliyekuwa mdogo, alirudi ng'ambo, hajasikika tangu vita nyingine. Alifika mwisho wa majina kabla hawajafika mwisho wa barabara.

Uchunguzi ulikwenda taratibu. Ombi la Shika Mkono likaendelea kusimamishwa. Kabla mvua hazijaanza, boti ya uokoaji ilishushwa kutoka kwenye lori pale Kibirizi, nyeupe, mstari wa rangi ya machungwa ubavuni, injini bado imevikwa plastiki. Ilikuwa na jina la shirika ambalo hakuna aliyelisikia kabla. Mkurugenzi wake alivaa shati jeupe. Aliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya chuma, akaondoka na ufunguo, na siku mtumbwi ulipopinduka upande wa Ilagala, wanawake walikwenda na boti ya Mzee Gasper huku ile nyeupe ikipigapiga nguzo yake.

Jioni hiyo, Shadia alipanda nyumbani kwa Mama Yuliana, nguo bado mbichi. Alikuta Honorata amehamia humo na godoro lake, anawasha jiko.

"Dada, nisikilize," Shadia alisema, hakutaka hata kukaa. "Heritier anavusha mzigo Uvira kesho. Ni mtu wangu, hasemi. Vuka ukae huko mpaka moto upoe. Nitakutunzia nyumba."

"Nivuke?"

"Unangoja nini? Waje wakubebe mchana watu wanatazama?"

Mama Yuliana alivuta kitenge chake kikafunika magoti. "Nikipanda boti hiyo, Shadia, nitakuwa nimewajibu swali lao."

"Swali gani sasa, na wewe!"

"La kwetu ni wapi." Alijishika magoti akainuka, akaenda kuchota maji kwenye pipa. "Sipandi. Nitakaa hapa. Wakitaka kunitoa watanitoa nikiwa nyumbani kwangu, sufuria yangu ikiwa jikoni. Nendeni mkawaambie wenzenu mlango wangu kuanzia leo haufungwi."

Shadia alilia kwa hasira, akatukana, akamkumbatia, akaondoka.

Haukufungwa. Asubuhi ya siku iliyofuata ulikuwa wazi, na upepo wa ziwa ulikuwa unaingia ukicheza na pazia. Mama Yuliana alikuwa anasugua masufuria uani. Honorata alikuwa ndani akikunja shuka aliposikia gari likipanda kilima, likipunguza mwendo, likisimama. Mlango mmoja wa gari ukafunguliwa, kisha wa pili. Hakuna aliyepiga hodi.

Alitoka mpaka uani. Mama hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa na majivu mpaka viwikoni, na iliendelea kusugua.

"Nenda kawakaribishe, mwanangu," alisema. "Waambie mwenye nyumba yupo."

Honorata alipita sebuleni, akasogeza pazia, akasimama kizingitini kwao yeye na mama, akawakaribisha maofisa kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.